Niliacha Gari Kwenye D, Lawama Nikamwachia Mama Mkwe

Nilikuwa nasema, tena kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, kwamba hakuna kitu chini ya jua kinachoweza kunishtua mimi. Nimelala porini na gari limezama kwenye tope. Nimeibiwa magunia kumi na moja ya kahawa nikacheka. Leo hii mtu akibamiza mlango wa gari hapo nje, naruka kwenye kiti kama kuku.

Nimekosa jamani. Nilifanya uzembe wa kijinga, halafu uzembe huo nikamtwisha mtu ambaye kwa heshima yake asingeweza kunibishia. Mama mkwe wangu!

Jina langu liacheni. Watu wa hapa kwetu Kibingo watanijua tu, na wanijue.

Shule niliishia darasa la nne. Lakini usiniulize habari za gari. Nilianza na pikapu mbovu ambayo bila kusukumwa haiwaki, nikabeba ndizi, nikabeba maharage, nikainuka mwenyewe bila kushikwa mkono na mtu. Miaka ishirini na sita ya gia za mkono! Nitajie mlima wowote wa Karagwe na Kyerwa, nitakwambia unapandwa na gia namba ngapi.

Handibreki ya pikapu ile ilikufa zamani, wala sikuhangaika kuitengeneza. Ya nini? Ukisimama mlimani unazima, unaacha gia ya kwanza, unashuka, unaenda zako. Gia inashika. Nilikuwa nawaambia watu, "Iko kwenye gia, haiendi kokote." Na kweli haikwenda kokote miaka yote hiyo.

Wenye otomatiki nilikuwa nawakejeli pale senta ya Omurushaka. "Nyie mguu wa kushoto mnatembea nao wa nini? Si muuache nyumbani uchunge mbuzi!" Watu wanacheka, mimi naagiza soda kwa wote. Ndivyo nilivyokuwa.

Basi goti la kushoto likaanza kuuma. Klachi nikiikanyaga, naona nyota. Nikauza pikapu kwa shemeji yangu, kaka wa mke wangu, nikanunua gari dogo jeupe, otomatiki. Nikawaambia watu nimelinunua kwa sababu ya hadhi. Habari za goti sikumwambia mtu.

Kijana aliyeniuzia alinisalimia vizuri sana. "Shikamoo mzee. Hili ukisimama weka P ya kuegesha, halafu vuta handibreki. Usije ukazima likiwa kwenye D ya kwendea mbele ukashuka."

"Marahaba. Umezaliwa mwaka gani wewe?"

"Tisini na tisa, mzee."

"Mwaka huo mimi nilikuwa nashuka milima na tani nzima ya ndizi mgongoni. Lete ufunguo."

Kijana akacheka, akaleta ufunguo. Mwisho wa somo.

Sasa sikiliza. Mwanangu wa mwisho alikuwa anapata kipaimara, nikasema nitamfuata mama mkwe mwenyewe kule Nyaishozi, aje na gari la mkwewe. Ukweni kwangu ni wafugaji, watu wa mila. Mama yule tangu nimwoe binti yake hajawahi kunipa mkono. Akinisalimia anatazama pembeni, nami natazama chini, na hapo heshima imetimia. Hata kukaa benchi moja na mimi hawezi.

Mimi kwa kutaka sifa nikajaza kreti za soda kiti cha nyuma makusudi!

"Mama, pita mbele."

"Hapana mwanangu. Mahali pangu ni nyuma."

"Nyuma pamejaa, mama. Kaa mbele uone gari linavyojiendesha lenyewe."

Akasimama kidogo, akaangalia zile kreti, akaingia. Akajibana mlangoni mpaka nikaogopa mlango utafunguka. Mikono yote miwili akaiingiza ndani ya kitenge, uso akaupeleka dirishani. Naomba ukumbuke hiyo mikono.

Njia nzima mimi ni kuringa. "Unaona mama? Hakuna klachi. Hakuna kubadilisha gia. Linajiendesha!"

"Naona, mwanangu." Wala hakuwa anaangalia.

Mbele kidogo, mahali ambapo barabara imepita juu ya bonde, nikaona mama mmoja anauza mkungu wa ndizi mzuri ajabu. Nikasimama pembeni, pua ya gari ikiangalia bondeni. Tairi za mbele ziliingia kwenye kijishimo, gari likatulia. Nikazima injini. Ufunguo nikauacha ili redio iendelee kumpigia mama nyimbo za kwaya. Ile fimbo ya gia ilikuwa kwenye D. Handibreki sikuigusa.

Nikajisemea moyoni maneno yangu yale yale. Iko kwenye gia, haiendi kokote.

Tukapatana bei na yule mwenye ndizi. Akaniambia nimwite mtu anisaidie kubeba, nikamwambia bado nina nguvu za ujana. Nikaunyanyua mkungu, nikautupa kwenye buti kwa mbwembwe, puu! Gari likanesa. Likatoka kwenye kile kijishimo. Likaanza kuondoka.

Ndugu yangu, lilikuwa linaondoka polepole, kama mtu anayeaga! Sikuelewa. Nilisimama nimeachama mdomo, redio inaimba, gari linakwenda halina dereva. Halafu nikashika bampa kwa mikono miwili nilivute lirudi. Mimi! Likaniburuza kama mbuzi anayepelekwa mnadani. Magoti yote yakachubuka, nikaachia.

"Mama! Ruka! Mama, fungua mlango!"

Nikaona kichwa chake kupitia kioo cha nyuma. Kimetulia tuli. Hakugeuka.

Hapo ndipo damu yangu ilipoganda. Kwa sababu nilijua kwa nini hageuki. Nilikuwa nimemwambia njia nzima kwamba linajiendesha lenyewe, naye aliniamini.

Likaingia kwenye nyasi, likashika kasi. Chini kuna shamba la migomba, na chini ya shamba kuna korongo la mawe, kijito kinapita. Nikakimbia nikilia, mwanaume mzima na kitambi changu. "Mukama wange! Bwana wangu!" Mgomba wa kwanza ukalala. Wa pili. Wa tatu. Kila mgomba ukianguka nasikia kama mfupa wangu. Halafu kishindo kikubwa, kisha kimya, redio nayo ikanyamaza.

Lilikuwa limegonga kichuguu. Kutoka pale mpaka kwenye korongo ni hatua saba. Nilirudi baadaye nikazihesabu, nikatapika.

Mama alikuwa hai. Mguu wa kulia ulikuwa umevunjika juu ya goti, umekaa vibaya, sitaueleza. Alikuwa hapigi kelele. Alikuwa anatafuta kilemba chake kwa mkono ili ajifunike kichwa mbele ya mkwewe.

Watu wakajaa. Wakulima wenye majembe, mwenye shamba, yule mama wa ndizi. Mzee mmoja akauliza, "Dereva nani?"

"Mimi."

"Sasa gari limeondokaje na wewe uko nje?"

Macho yote kwangu. Mimi, bingwa wa milima! Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Mama ameshika gia. Nimemwacha peke yake, akachezea gia."

Mama alikuwa amelazwa kwenye majani ya migomba hatua mbili kutoka pale. Alisikia. Akafumba macho.

Hospitali nilikwenda kila siku. Niliogopa atasema, "Huyu mwongo, mikono yangu ilikuwa ndani ya kitenge." Ingekuwa nafuu! Kilichotokea ni kibaya kuliko hicho. Siku ya tatu akaniita kwa sauti ndogo, ameangalia ukutani.

"Mwanangu, nisamehe. Mimi nilidhani linajiendesha, kama ulivyosema. Kumbe nimegusa. Labda kitenge kilinasa mahali. Nimekuharibia mali yako."

Nikajibu, "Usijali mama." Hebu fikiria! Nikamsamehe kosa ambalo ni langu!

Kuanzia hapo nikawa mtu wa kuogopa. Simu ikilia naogopa. Fundi akaniambia, "Mzee, gari nimelikuta kwenye D, na handibreki haijavutwa," nikamfokea atengeneze bodi, habari nyingine hazimhusu. Mke wangu akaniuliza, "Baba watoto, mama kashika gia yako? Mama ambaye hata kikombe ulichonywea hagusi?" Nikamwambia uzee una mambo yake. Akaniangalia, akaenda zake jikoni.

Mama alipotoka hospitali alirudi Nyaishozi. Baada ya wiki moja, asubuhi, nasikia ng'ombe analia kwenye uwanja wangu. Natoka nje, naona pikapu yangu ya zamani imesimama juu pale, kwenye mteremko wa kuingilia nyumbani. Shemeji anashusha ng'ombe jike mwekundu mwenye pembe ndefu.

Nilimjua yule ng'ombe. Ni uzao wa ng'ombe niliotoa mahari.

Mke wangu alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama. "Mawe, mama yangu! Kaka, ng'ombe wa mahari anarudije hapa? Nimeachika? Nani kaniacha?"

Kwetu ng'ombe wa mahari akirudi uwanjani kwa mume, maana yake ni moja tu. Ndoa imekufa.

"Hujaachika, dada," shemeji akasema. "Mama ndiye kamtuma. Amebakiwa na huyu mmoja wa kukamua. Anasema amevunja gari la mkwewe, hawezi kufa na deni. Tumemkataza, hasikii. Ameacha kula mpaka ng'ombe aondoke."

Mke wangu akaanza kulia. Na bado, ndugu yangu, bado shetani alikuwa ananiambia nyamaza, mpokee, yataisha!

Nikajitia kubadili maneno. Nikanyoosha kidole kwenye pikapu. "Shemeji, umeliacha gari mlimani hivyo, si litashuka?"

Akacheka. "Si wewe uliyenifundisha? Iko kwenye gia, haiendi kokote."

Nikaiangalia ile pikapu. Imeshika pale mlimani, haitikisiki hata kidogo. Nikaona kile kichwa cha mama kwenye kioo cha nyuma, kimetulia. Nikakaa chini kwenye vumbi, mbele ya ng'ombe.

"Mama hakushika kitu," nikasema. "Ni mimi. Niliacha kwenye D nikashuka. Nilidhani inashika kama hii."

Mwiko ulianguka. Shemeji hakunipiga. Alinitazama tu, akasema, "Pandisha ng'ombe. Wewe mwenyewe. Halafu panda nyuma ukae naye. Ukamwambie."

Nilikwenda mpaka Nyaishozi nimesimama nyuma ya pikapu na ng'ombe, watu wa Omurushaka wananiona, wale wale wa soda. Mmoja akapiga kelele, "Tajiri! Leo mguu wa kushoto umekuja nao?" Nikajificha nyuma ya ng'ombe.

Mama alikuwa amekaa mkekani, mguu umenyooshwa. Nikapiga magoti mlangoni, nikamweleza yote, mbele ya wazee wa ukoo walioitwa na shemeji. Niliogopa atalia. Niliogopa atakufa.

Aligeuza uso akanitazama machoni. Tangu nimjue, ilikuwa mara ya kwanza.

"Kwa hiyo mikono yangu ilikuwa ndani ya kitenge."

"Ndiyo, mama."

"Usiku na mchana nimekuwa naiuliza hii mikono," akasema. Akaitoa, akaiangalia, akaiweka juu ya magoti. Kisha akamwambia binti aliyekuwa jikoni amletee chakula.

Wazee wakanitoza faini, mtamba na rubisi, pombe yetu ya ndizi. Nililipa bila kupunguza hata kibuyu. Mama sasa anatembea kwa fimbo. Gari langu hapandi tena, na akinisalimia amerudi kutazama pembeni. Ila zamani nilijua ni heshima. Siku hizi sijui ni nini, na naogopa kuuliza.

Wewe uliyezoea gia za mkono, nakuomba. Otomatiki ikizimwa kwenye D haishiki kitu! Weka P. Vuta handibreki. Tia na jiwe chini ya tairi, wakucheke. Mimi hurudi kuangalia mara tatu, na bado nikiwa dukani nasikia migomba inaanguka. Na kama umeshakosea, sema hapo hapo, watu wakiwa bado wamesimama na majembe yao. Usimtafute mnyonge wa kumbebesha.

Kuvuta handibreki ni bure. Mimi ambaye sikuivuta nimelipa hospitali, fundi, mwenye migomba na wakwe: shilingi milioni nne, laki tatu, elfu tisini na tano na mia tano.