Dirisha la Jikoni kwa Nyanya

Juzi mjukuu wangu alichungulia simu yake akaniambia, "Anika tu nguo, nyanya, leo ni jua." Nikaanika. Kabla sijamaliza chai, mvua hiyo! Ati simu ilikuwa imesema hali ya hewa ya mjini, si ya huku kwetu Ekerenyo. Alicheka, nami nikacheka, lakini kicheko cha mdomo tu. Moyoni nilikuwa nimerudi kwenye dirisha moja dogo, la kupitisha kichwa cha mbuzi, na mpaka leo sijui kama nilifanya vyema au vibaya kulidai.

Unisikilize polepole, maana mimi huzunguka. Ilikuwa ile miaka baada ya uhuru, majani chai yakipandwa kila kilima. Nyanya yangu hakuyataka. Alisema majani chai hayasongi ugali. Shamba lake lilikuwa wimbi, yaani ulezi, basi, na migomba na mahindi machache pembeni. Jiko lake lilikuwa la udongo na nyasi, mlango mmoja, bila dirisha. Moshi ulipenya kwenye nyasi taratibu kama maziwa yanayochujwa, ukipita kwenye mahindi ya mbegu tuliyotundika juu, nayo yakawa meusi na wadudu wakayaogopa.

Huo moshi ndio uliokuwa redio yake. Ukipanda wima, kesho jua. Ukikataa kupanda, ukashuka kutukamata macho, nyanya aliweka mwiko chini akasema, "Moshi umelala. Mvua inakuja." Kisha akakohoa. Alikohoa sana, tena kikohozi cha ndani, na sisi tulikizoea kile kikohozi kama unavyozoea jogoo wa nyumbani.

Sasa, mwalimu wetu wa darasa la pili, na hapo ndipo masomo yangu yaliishia, alitufundisha mambo ya hewa. Alisema moshi wa kuni ukiingia kifuani haujui njia ya kutoka, na jiko lisilo na dirisha ni ugonjwa. Nikaenda nyumbani na kilio: dirisha, dirisha! Baba alichoka na mimi, akachukua panga akatoboa ukuta. Moshi ukatoka mbio. Haukupita mwezi, nyanya akawa anaimba wimbo wa kanisa mpaka mwisho bila kukohoa. Nikajiona daktari.

Wimbi likaiva. Wimbi lililoiva likipigwa na mvua ya mawe hupukutika lote chini, hubaki mabua. Ijumaa moja nyanya akatazama moshi. Ulitoka dirishani vizuri, mwororo, haukumgusa mtu. "Kumetulia," akasema. "Tuache Sabato ipite, Jumapili tukate." Jirani yetu, mama Mkatoliki ambaye jiko lake halikuwa na dirisha, alikuwa shambani kwake akikata kama mwizi, macho mekundu.

"Magokoro!" akamwita nyanya kwa heshima, kama bibi mzee, lakini kwa utani pia. "Nyinyi wa Sabato mnamngojea Mungu, sisi wengine tunangojea moshi. Wangu leo umelala kama mlevi!"

"Wako una wivu," nyanya akamjibu. "Wangu umepata mlango wake."

Jumamosi tukiwa kanisani, yakaanza. Mawe juu ya mabati! Mhubiri alifungua mdomo na hatukusikia neno. Watu wakatazamana. Hakuna aliyetoka, maana Sabato ni Sabato, na hata ungetoka ungefanya nini? Nyanya alikaa wima, mikono juu ya Biblia iliyofungwa. Mimi nilitazama miguu yangu.

Jioni ile tulikuta wimbi lote chini, yamebaki mabua. Jumapili asubuhi, badala ya kukata wimbi, alikanda udongo akaziba dirisha. Nikamwambia, nikilia, kwamba kikohozi kitarudi. Akasema, "Mwanangu, afadhali kifua kichafu kuliko chungu kitupu." Jirani akatuletea kikapu cha wimbi, na safari hiyo hakutania.

Mwaka uliofuata moshi ulilala, tukakata Alhamisi, tukala mwaka mzima. Kikohozi kikarudi vilevile. Kilimchukua nikiwa karibu kuolewa. Ni moshi? Ni uzee? Ni baridi ya huku kwetu? Wengine walisema hivi, wengine vile. Mwalimu alisema kweli, nalo wimbi lilianguka kweli. Nimezigeuza hizo kweli mbili miaka yote hii, na hazijakubali kukaa kigoda kimoja. Na hiki kifua changu kizima kililelewa na ugali wa ule moshi.

Lile jiko halipo, wimbi halipo, hata nyasi za kuezekea hutazipata. Kilima chote ni majani chai. Mimi napikia gesi, madirisha mawili makubwa, vioo. Sikohoi. Lakini Ijumaa ikifika, nikiwa nakoroga uji, bado huinua macho juu kutazama. Dari ni nyeupe. Haisemi kitu.