Mama Kadi na Kifurushi cha Mkwe

Mama Kadi hakuwa mtu wa kuamini mambo kirahisi. Ukimwambia mvua inanyesha, alitoa mkono dirishani kwanza. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa ametunza kadi za wagonjwa pale zahanati, katika chumba chembamba chenye rafu kutoka sakafuni hadi darini, na jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye barua ya ajira tu. Ukianza kumtajia jina la mtoto na mwaka aliozaliwa, mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye rafu kabla hujamaliza.

Sasa chumba chenyewe kilitakiwa. Daktari mkuu alitaka kukifanya chumba cha chanjo, na kadi zote elfu kumi na moja zichomwe moto, maana zilikuwa zimeshaingizwa kwenye kompyuta. Ilibaki saini moja, ya Mama Kadi, kwenye fomu ya kuthibitisha kwamba mfumo mpya unafanya kazi. Mwisho Ijumaa.

Angekuwa fundi mwingine, Mama Kadi angemtoa jasho. Lakini aliyeutengeneza mfumo ni mkwe wake, mume wa binti yake wa pekee, na mkwe humtoi jasho mbele za watu. Unameza mate, unamwita baba, unamkaribisha kiti.

Na sababu ya kuogopa alikuwa nayo. Miaka sita nyuma walikuja mabwana wenye tai wakaweka mfumo wao, kadi za miaka miwili zikachomwa, mkataba ulipoisha wakaondoka na kila kitu. Akina mama walikuja na watoto mgongoni kuuliza ni chanjo gani imebaki, naye akawa anawatazama tu. Aibu ile haikumtoka.

"Baba," alimuuliza mkwe siku ya kwanza, kwa sauti ya asali, "hiyo sehemu ya nyuma, ile isiyoonekana, umeijengea nini?"

Mkwe alifurahi kuulizwa. "Wenzangu walitaka nitumie hifadhidata kubwa, mama, ile inayotaka seva yake na mtaalamu wa kuiangalia. Nikaanza nayo, nikaiacha. Zahanati itampata wapi mtaalamu? Nimechukua ndogo, faili moja, inakaa ndani ya programu. Halafu nimefunga vyote kwenye kifurushi kimoja. Unabofya mara mbili, unasubiri, basi. Hata zahanati nyingine wataweka wenyewe bila kuniita."

"Na watoto wangu wanakaa wapi?"

"Humu humu, mama." Akaigonga kompyuta ya zahanati kwa kidole.

Humu humu, alijisemea Mama Kadi. Tutaona.

Jumatatu saa kumi jioni mkwe aliaga. Hata robo saa haikupita, mfumo ukagoma, na maandishi mekundu yakasema hifadhidata haipatikani. Akapigiwa simu, akarudi, na kabla hajakaa mfumo ukawa mzima, kama mtoto anayepona akiona sindano. Mkwe akalaumu waya. Jumanne akatoka kwenda kula, ukagoma, akarudi, ukazinduka. Akabadilisha waya. Jumatano akalaumu umeme.

Hapo machale yakamcheza Mama Kadi. Alikuwa akiandika kila kitu nyuma ya bahasha: katoka, umekufa, karudi, umefufuka. Mara saba kwa siku tatu. Umeme gani huo unaomjua mtu? Hili ni changa la macho, aliwaza. Amejiwekea ufunguo ndani ili tusiweze kuishi bila yeye. Alikasirika, na tuseme ukweli, alifurahi kidogo pia, kwa kuwa tangu mwanzo hakuona binti yake alichokipenda kwa bwana yule.

Akampigia binti simu, akapima maji.

"Mama, umeanza," alisema binti. "Siku ya posa ulimkagua mpaka soli za viatu. Ukimwaibisha mume wangu kazini kwake na ikawa si kweli, mimi ndiye nitakayekaa naye nyumbani. Si wewe."

Mama Kadi alikata simu bila kuahidi chochote.

Alhamisi fomu ililetwa mezani, daktari mkuu akiwa amesimama na kalamu.

"Baba," alisema Mama Kadi, "hebu chukua mkoba wako uende ng'ambo ya barabara. Usimame tu."

Daktari alicheka. Mkwe hakucheka, lakini alibeba mkoba wenye laptopu yake, ile asiyoizima hata akiwa njiani, akaenda. Mama Kadi akatafuta mtoto wa mwaka jana. Maandishi mekundu. Akamwita, mkwe akaingia, mtoto akaonekana.

"Sasa acha mkoba. Toka wewe mwenyewe."

Mkwe akatoka. Mfumo ukaendelea kama kawaida. Mama Kadi alitazama ule mkoba juu ya kiti, akachoka ghafla. Kumbe si mtu.

Mkwe aliporudi na kuona, uso ulimshuka. Akafungua faili ya mipangilio ndani ya kifurushi. Mstari wa nne ulikuwa na anwani ya laptopu yake, ya wakati ule wa hifadhidata kubwa. Alisahau kuifuta, akafunga kifurushi nayo, na siku zote mfumo ulikuwa ukiwafuata watoto kwenye laptopu kupitia Wi-Fi ya zahanati. Ile ndogo ya kwenye kompyuta ya zahanati haikuwa na mtoto hata mmoja.

Saa nzima hakuinua kichwa. Alihamisha kila kitu, akafunga kifurushi upya, akazima laptopu kabisa, akamwachia Mama Kadi abofye mwenyewe. Akabofya mara mbili, akasubiri. Mtoto wa mwaka jana akatokea, na chanjo zake zote.

"Haya, mambo si hayo," alisema daktari, akamsogezea kalamu.

Mama Kadi aliishika. Mkwe akaweka kiganja juu ya fomu.

"Usisaini, mama. Mimi mwenyewe sijiamini."

Daktari alishusha pumzi, akatoka kwenda kwa wagonjwa wake. Wakabaki wawili, na Mama Kadi akaona asiposema sasa hatasema tena.

"Nilikudhania mwizi," alisema. "Na nilitaka uwe mwizi. Nisamehe, baba."

"Bora ungenikuta mwizi, mama. Mwizi angejua amebeba nini." Akautazama mkoba. "Mimi juzi nilisimama kununua mkate, mkoba nikauacha kwenye pikipiki, nje. Watoto wote walikuwa mle."

Mama Kadi alikwenda kwenye rafu ya kwanza, akashusha kadi mkono mzima, akaziweka katikati yao.

"Mimi nasoma," alisema. "Wewe angalia kama yumo."