Kofia ya Darubini

Saa tisa usiku fundi cherehani alikuwa ameketi gizani kwenye ngazi ya juu kabisa, sikio limeganda kwenye mlango wa paa kama stempu kwenye barua. Nyuma ya mlango alikuwa binti yake, fundi wa friji, akipiga picha wingu la gesi lililotemwa na nyota inayokufa. Wingu lenyewe dogo, la mviringo kama kifungo cha shati, na hafifu kiasi kwamba kamera lazima ilikodolee macho usiku kucha. Darubini ilikuwa ya kuazima shuleni, asubuhi inarudi. Amri ilikuwa moja: mlango usifunguliwe, mwanga usije ukaharibu kazi.

"Mwanangu, umevaa soksi?"

"Mbili mbili, mama."

"Hujakaa ukingoni?"

"Mama!"

 Mama akahesabu mpaka ishirini. "Wingu limetoka?"

"Bado. Picha zote nyeusi tii. Lakini weusi mzuri huo! Sijawahi kupata anga safi namna hii. Nikizipanga pamoja kwenye kompyuta, litajitokeza lenyewe."

Mama akafurahi. Kisha akayarudia maneno yale kimoyomoyo. Nyeusi tii?

Saa nne ya usiku huo huo, binti aliposhuka kuchukua jaketi, mama alipanda kupima urefu wa ukuta wa paa. Akakuta mdomo wa darubini uko wazi, unapigwa na umande. Tangu mchana alikuwa ameushonea kofia ya kitambaa cha suti, nyeusi, yenye bitana. Akauvisha, akashuka zake ameridhika kama aliyefunika mtoto shuka.

Sasa akaelewa. Akisema, atachekwa hadi uzeeni. Asiposema, darubini inarudi shuleni na mtoto kabaki na picha thelathini za kitambaa.

"Mwanangu... hiyo darubini, huko mbele, haisikii joto?"

"Joto la nini?"

"La bitana."

 Hatua tatu. Kisha lastiki ya kofia ikaachia: pwa!

"Mama."

"Abee," akaitika kama mwanafunzi aliyechelewa.

"Umeitia na lastiki?"

"Ingepeperuka."

Kitu kikaanza kugonga sakafu ya paa: ni ngumi ya binti, anacheka mpaka pumzi inamkatika.

"Bado tuna saa mbili za giza," akasema hatimaye. "Picha kumi na mbili, labda litaonekana. Taa ya ngazi umezima?"

"Tangu jioni. Nimeteleza mara mbili."

Komeo likalia. Mlango ukafunguka kiasi cha mtu kupita kwa ubavu.

"Pita, ukae hapa ninapokuona. Na mikono uikalie."