Kibwana Alipimwa Lugoba

Ijumaa ile nilikuwa nafua nazi nyuma ya nyumba yetu, Bagamoyo, shati nimelitundika kwenye mpapai, Kibwana aliposhuka kutoka Lugoba na matenga mawili ya kuku. Kila alipokuja sokoni alifikia kwetu, maana baba zetu walipata kushirikiana biashara ya nta. Alikuwa Mkwere mrefu, mwepesi wa kucheka kabla hajamaliza kusema. Mama alitupakulia muhogo wa nazi, tukala, tukaenda kuswali. Tulipotoka msikitini tukapita bomani kuwatazama vijana wanaoandikishwa uaskari.

Mimi ndiye niliyesema, "Twende tukajaribu. Wakitukataa tutarudi tukalale."

Hawakutukataa. Kuku wake waliuzwa na mama yangu.

Nalitanguliza hili ili ijulikane nani alimpeleka nani.

Burma, walikotupeleka vitani, tulikuta mvua ya miezi, mvua inayoozesha viatu vikiwa miguuni. Kazi yetu ilikuwa kupandisha masanduku ya risasi milimani. Asubuhi moja tulikaa bondeni na wenzetu wanne, tunakunywa chai. Bunduki zilikuwa zimenyamaza tangu jana yake, na Kibwana alikuwa anatusimulia jinsi mbuzi wa shangazi yake alivyoingia kwenye harusi.

Sikusikia mlio wa kombora.

Nilijikuta nimelala chali, matope mdomoni. Vidole viwili vya mkono wa kushoto havikuwapo.

Kibwana alikuwa amepiga magoti kando yangu, ananifunga mkono kwa kipande cha shati lake. Damu ilimtoka nyuma ya sikio, ikashuka shingoni.

"Kichwa chako," nilimwambia.

"Tulia. Wewe ndiye unayevuja."

Wale wanne hawakuinuka.

Kibwana alishonwa na dresa wa kikosi, na baada ya siku chache akarudishwa kubeba masanduku. Hakuna aliyefikiri kwamba huenda kipande cha chuma kimebaki ndani ya kichwa. Mimi nilirejeshwa nyumbani mapema.

Vita vilipokwisha nilipata kazi ya kulinda bohari Dar es Salaam, nikapanga chumba Kariakoo. Ilipotangazwa kwamba askari walioumia watapimwa ili wapewe pensheni, nilikwenda hospitali. Walikaa madaktari watatu. Walinipima mkono, macho, masikio, mpaka kifua wakakipiga picha kwa mashine. Waliniuliza hata kama naota vita. Nikaandikiwa pensheni ya maisha, kwa vidole viwili.

Kibwana alikuja kwangu mwaka uliofuata, adhuhuri, amepanda lori kutoka Chalinze. Nilimfungulia mlango nikashtuka. Alikuwa amekonda, na aliponisalimu niliona ulimi wake una kovu la meno yake mwenyewe.

"Naanguka, Sefu," alisema tulipokwisha kuulizana hali. "Mara mbili, mara tatu kwa mwezi. Nyumbani wanasema nina pepo. Wamenipungia ngoma mpaka wamechoka."

"Hukupimwa?"

"Nilipimwa. Alikuja Lugoba karani mmoja na karatasi yake, daktari hakuwapo. Akaniambia nyoosha mikono, nikanyoosha. Tembea, nikatembea. Akaandika mzima."

Alikuwa amekwisha kwenda hospitali niliyopimwa mimi, asubuhi ile. Walimwambia kila askari apimwe katika wilaya anayokaa, na yeye ni mtu wa Lugoba. Hapo ndipo aliponiangalia.

"Sema tu kwamba nakaa kwako. Nitakaa kweli, mwezi mmoja. Wanipige ile picha ya kichwa, basi."

Kulikuwa na nafasi. Mkeka mmoja ungetosha. Lakini niliwaza kwamba wakigundua tumewadanganya, watalifungua na faili langu, na huenda wakaona vidole viwili si kitu. Nilikuwa nimeposa. Kwa mahari nilikuwa naitegemea pensheni ile.

"Ndugu yangu, ningependa," nilisema, "lakini mwenye nyumba hataki wageni."

Mwenye nyumba alikuwa bibi mzee aliyependa wageni kuliko wapangaji. Kibwana alimsikia uani akituandalia chai. Alikunywa chai, akamshukuru bibi, nikamsindikiza hadi kwenye malori. Njiani alinisimulia habari za mvua na mahindi, kana kwamba alikuja kwa hayo tu.

Kwa kuwa jembe lilimshinda kule Lugoba, alikwenda kuchukua kibarua kwenye mashamba ya chumvi, kaskazini ya Bagamoyo. Aliangukia huko, kifudifudi majini, akiwa peke yake. Nilikwenda kupaona. Maji hayakufika kwenye kifundo cha mguu wangu.

Nilikwenda kumpa pole mjane wake, Mwanahawa. Nilikuwa nimejiandaa kusema yote. Nilikaa barazani, nikatafuta pa kuanzia.

"Shemeji usijilaumu," alinitangulia. "Aliniambia alikufuata mpaka Dar, akakuta umesafiri. Alisema ungekuwapo usingemwacha."

Nikainamisha kichwa. Nikasema, "Ndiyo, nilikuwa nimesafiri."

Mwanahawa ameshafariki, na hakuusikia ukweli kutoka kwangu. Nimepata kujiambia kwamba kosa ni la wale waliopanga madaktari watatu wakae mjini na karani mmoja atumwe vijijini, ingawa kombora lililotuumiza lilikuwa lile lile. Hilo ni kweli, nami nitalisema mbele ya yeyote. Lakini wao hawakumjua Kibwana. Mimi nilimjua, mlango ulikuwa wangu, na aliyemtungia mke wake uongo ili nisionekane mbaya ni yeye.