Rangi ya Chungwa Ukutani

Mimi si mtu wa kuona majini. Baba yangu alikuja Mtwara kutoka Bukoba kufanya kazi bandarini, na alitukataza kusimulia kitu ambacho hatujakipima. Kwa hiyo hiki ninachokueleza nimekipima. Kilitokea Mikindani, mchana kweupe, jua la saa sita, na aliyekiona ni mimi mwenyewe, si shangazi wa rafiki yangu.

Ngoja kwanza nikueleze kazi yangu, maana bila hiyo utasema nilipigwa na jua. Natengeneza picha za nyumba ambazo hazijajengwa. Mteja ananipa ramani, naijenga nyumba ndani ya kompyuta, naipiga picha humo humo, na ukiiona utaapa kwamba fundi keshapaka rangi. Sijisifu. Au basi, najisifu, kwa sababu katika mji huu hakuna anayenifikia. Wengi wanajua kuchora kuta. Mwanga hawaujui. Mwanga haufiki ukutani ukatulia. Unagonga sakafu, unadunda, unagonga kabati, unadunda tena, na kila unapogonga unachukua rangi kidogo ya kile ulichokigonga na kukipaka kilicho jirani. Weka ndoo nyekundu karibu na ukuta mweupe, halafu utazame ukuta, usitazame ndoo. Umeona? Kazi yangu ni kuifanya kompyuta ihesabu kudunda huko, mpaka jicho lako lidanganyike.

Sasa, kuna mfanyabiashara mmoja, nitamwita Kaka Murtaza. Familia yake ina nyumba ya zamani kule Mikindani, kuta nene za chokaa, duka mbele, na baraza la saruji linalotazama barabara. Alitaka kuvunja baraza lile na kusogeza duka mbele kwa vioo vitupu. Ndugu zake walioko Dar walikuwa wanasitasita, na akaona wakionyeshwa picha watalainika. Picha ndiyo ilikuwa yangu. Ikipendeza, baraza linavunjwa. Hiyo ilikuwa kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kupewa, na nilitaka watu waizungumzie.

Nikaenda Ijumaa, wakati wa sala, duka limefungwa, barabara tupu. Nikasimamisha stendi na kufunga juu yake upawa wa stili, mgongo ukitazama nyumba. Usicheke. Wenzangu wa mjini wanaagiza tufe la chuma linalong'aa kutoka nje. Mimi nina upawa, nimeusugua mwenyewe mpaka unaweza kuhesabu kope zako humo. Mgongoni mwake yanatokea yote yaliyouzunguka, mbingu, barabara, nyumba na wewe mpiga picha. Naupiga picha, na kompyuta inajua mwanga unatoka upande gani.

"Unampikia nani hapa barabarani?"

Niligeuka. Bibi wa Kihindi alikuwa amekaa ukingoni mwa baraza, juani kabisa, mfupi, miguu haifiki chini. Amejitanda mtandio mkubwa wa rangi ya chungwa. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza tena habari ya upawa. Nikamweleza. Nilimweleza kila kitu, habari ya mwanga, habari ya ndoo nyekundu, na huku naendelea kupiga picha. Wateja wangu huwa wanapiga miayo nikifika hapo. Yeye alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo hata mimi naupa ukuta huu rangi?"

"Hata wewe, bibi. Tazama nyuma yako."

Upenu wa bati ulikuwa umeutia ukuta kivuli, na ndani ya kivuli kile chokaa ilikuwa na wekundu laini kama shavu la papai. Akageuka akautazama kwa muda mrefu.

"Miaka yote hii," akasema, "na hakuna aliyeniambia."

Kisha akauliza picha yangu itakuwa na nini. Nikamwambia vioo. Na baraza je? Nikamwambia linaondoka. Akapapasa saruji kwa kiganja.

"Mwambie Murtaza aniachie pa kukaa."

Nikasema nitamwambia. Nilidanganya, niamini, maana mambo ya familia za watu si kazi yangu. Nikainama kukunja stendi, na nilipoinuka hakuwepo. Nikadhani ameingia ndani. Mlango ulikuwa na kufuli kwa nje, lakini nilikuwa na njaa na sikutaka kufikiri.

Jioni nikafungua picha. Baraza tupu. Picha zote, tupu. Mgongoni mwa upawa kulikuwa na mbingu, barabara, na mimi nimefungua mdomo, naongea na saruji. Lakini nilipotazama ukuta nyuma ya baraza, ulikuwa na rangi ya chungwa.

Ungefanyaje wewe? Mimi nilipima. Nikaujenga ukuta ule ndani ya kompyuta, na baraza lake, na upenu wake, na jua la saa ile ile. Kompyuta ikanipa ukuta mweupe. Nikaweka kisanduku cha rangi ya chungwa juu ya baraza, nikakisogeza kushoto, sivyo. Nikakiinua, sivyo. Siku ya tatu nikaweka umbo la mtu mfupi aliyekaa ukingoni, mabega yamefunikwa, na kuta mbili zikalingana, ule wa picha na ule wa hesabu, hata mimi nikashindwa kuzitofautisha. Nililia. Nililia kwa woga, na sitaficha, nililia kwa fahari pia. Nani mwingine Mtwara nzima angempata bibi yule kwa hesabu?

Hata hivyo niliamua kufunga mdomo. Nikaliondoa umbo, nikaweka vioo vya Kaka Murtaza, nikachapisha. Kipande cha ukuta wa zamani kilichobaki pembeni nilikiacha na rangi yake, kwa kuwa ndivyo kilivyokuwa.

Kaka Murtaza aliitazama picha dukani kwake akiwa ameridhika. "Safi sana, dada. Ila hapa umekosea. Ukuta huu mweupe, nimezaliwa humo. Toa hii rangi."

Ningeitoa kwa dakika moja, kazi ikaisha. Lakini eti nimekosea?

"Sikukosea, kaka. Hapo alikaa mtu. Bibi mfupi, miguu haifiki chini, mtandio wa rangi ya chungwa. Amesema umwachie pa kukaa."

Usidhani nilisema kwa huruma. Kilichosema ni kiburi changu. Kaka Murtaza aliweka picha chini, akavua miwani, akauliza kwa sauti ndogo alikaa upande gani. Nikamwonyesha kwa kidole.

"Mtandio wa mama niliugawa mwenyewe," akasema, "siku ya arobaini."

Baraza halikuvunjwa. Vioo vilirudishwa nyuma, kwa picha nyingine niliyoitengeneza mimi, na hapo ukingoni haruhusu mtu kuweka hata gunia la mchele. Nenda ukaone.

Mimi lile jambo halijaniacha. Mama yangu hukaa uani jioni akichambua mboga, kitenge cha kijani, mgongo kwa ukuta, na sasa siwezi kukaa naye bila kuutazama ule ukuta. "Unatazama nini huko," ananiambia, "mimi niko huku." Ni kijani hafifu, mama, na kinapanda mpaka usawa wa dirisha.

Kwa hiyo nakuonya. Watazame watu wako ukutani wangali wamekaa. Mimi nilimtafuta mama wa mtu mwingine siku tatu, na mimi ni fundi. Wewe wa kwako utamtafuta kwa kitu gani?