Mvua Iliyoswagwa Mpaka Indonesia

Mdomo huponza kichwa, na wangu uliniponza msibani. Mimi ni mwalimu wa jiografia, na mwalimu wa jiografia akiulizwa swali dogo hujibu kwa mabara yote.

Nafundisha sekondari Kenyamonta, wilaya ya Serengeti. Mama yangu anaishi Nyanungu, Tarime, peke yake, kwenye boma la marehemu baba. Nyonga yake imechoka, kijito kiko chini kabisa bondeni, na kuhama hataki. Nimembembeleza mpaka nimenyamaza. Anasema mwanamke haachi kaburi la mumewe liote majani eti kwa sababu ya nyonga. Binti wa kazi niliyempelekea alifukuzwa kabla hajafungua begi lake, kwa kosa la kukoroga uji huku akiangalia pembeni. Majirani nao walishapungua uwanjani, maana mama ana ulimi, na karibu kila mtu pale kijijini ana neno aliloambiwa na mama ambalo hajalimeza mpaka leo. Kwa hiyo nilipokuwa nikiandika ubaoni, kichwani nilikuwa na swali moja tu: leo nani amemchotea mama maji?

Msiba ulikuwa wa mzee mmoja wa ukoo wetu. Vuli ilikuwa imekataa mwaka ule. Mahindi yalichomoza, yakatazama juu, yakajuta. Wazee walikaa kwenye viti vya plastiki vya kukodi wakizungumzia ukame, na baba mkubwa, kaka wa baba yangu na mwenye kauli katika ukoo, akanigeukia na kuniita mura, kijana, kama wazee wa kwetu wanavyomwita yeyote mdogo kwao.

"Mura, wewe umesoma. Mvua imekwenda wapi?"

Ningejibu kwamba Mungu ndiye ajuaye, ningekula wali wangu nikaondoka mtu huru. Badala yake nilisimama.

Niliwaeleza kwamba maji ya bahari hayatulii, yanatembea. Upepo huyasukuma yale ya juu, na yale yenye joto hukusanyika upande mmoja kama ng'ombe kwenye magadi. Mwaka yakikusanyika upande wetu, kule Tanga na Mombasa, upepo huokota unyevu mwingi na sisi huku bara tunalima kwenye tope. Mwaka yakisukumwa upande wa pili, Indonesia, bahari ya kwetu inapoa, mawingu yanatufikia mikono mitupu, na wenzetu kule ndio wanahama kwa mafuriko. Nikaona wananisikiliza, nikanogewa. Nikawapeleka Namibia, kwenye jangwa linalokufa kiu huku likitazama bahari, kwa sababu mkondo unaopita pale ni wa baridi na hautoi mvua. Nikawapeleka Ulaya, ambako baridi ingezidi kama si maji ya vuguvugu yanayotoka huku kwenye jua. Nikashuka nao mpaka vilindini, ambako maji ya baridi yenye chumvi huzama karibu na ncha za dunia na kutambaa gizani mamia ya miaka kabla ya kuliona jua tena. Hapo mchungaji aliyekuwa akingoja kumwombea marehemu akakohoa.

"Na ziwa?" akauliza baba mkubwa. "Hapo Musoma pana maji yote yale. Limelala?"

"Ziwa lina mvua zake, baba mkubwa. Lakini kwa vuli bahari ndiyo yenye mkono mrefu."

"Kwa hiyo mvua yetu imeswagwa mpaka Indonesia."

"Kwa namna fulani, ndiyo."

Ile "kwa namna fulani" haikusikiwa na mtu yeyote.

Sasa, kwetu ng'ombe wakiibwa, watu hufuata nyayo. Nyayo zikiingia kijiji fulani, kijiji hicho kionyeshe zilikotokea upande wa pili, la sivyo kesi inabaki kwao. Na aliyeziona nyayo wa kwanza harudi kulala. Yeye ndiye anayeongoza mpaka mifugo ipatikane, na muda wote huo watu wengine wanahudumia nyumba yake. Ni utaratibu mzuri, umeokoa mifugo mingi. Ila haukuwekwa kwa ajili ya unyevu wa hewani.

Jumamosi iliyofuata nilifika kwa mama nikakuta mapipa yamejaa, kuni zimepangwa ukutani, na jirani ambaye mama hakuwa akisalimiana naye amekaa mkekani, wanapepeta ulezi pamoja na kumsengenya mtu wa tatu. Mama alikuwa anacheka. Sikumbuki mara ya mwisho kumwona akicheka mpaka anajifuta machozi kwa upande wa kanga. Nilifurahi kupita kiasi.

"Mama, imekuwaje?"

"Si umetumwa?"

"Nimetumwa wapi?"

"Kuifuata mvua. Mama wa mtu anayefuata nyayo hachoti maji mwenyewe. Au umesahau ulikozaliwa?"

Basi kazi ikaanza. Kila Jumamosi nilitoa taarifa. Nilikuwa na ramani kwenye simu inayoonyesha joto la bahari kwa rangi, nyekundu kwa maji ya moto na bluu kwa ya baridi, na wazee waliizunguka simu ile wakisukumana. "Nyekundu bado iko kwao," walisema, wakatikisa vichwa kwa uchungu wa watu walioibiwa. Baba mkubwa aliuliza Indonesia ni mwendo gani kwa miguu, na kama watu wa kule wana mwenyekiti wa kijiji anayesikiliza. Binamu yangu mmoja, mfanyabiashara wa Sirari, mpakani, ambaye nusu ya ndugu zake wako Kenya, akasema, "Si tuwapigie tu simu hao watu? Ya nini kutembea hiyo yote?" Wakamwambia anyamaze, kesi ya mifugo haisuluhishwi kwa simu.

Habari haikubaki Nyanungu. Ilivuka wilaya kwa mdomo wa wenye ndugu, ikafika Kenyamonta kabla yangu. Kwenye mtihani wa kidato cha pili niliuliza ni nini kinachosukuma mikondo ya bahari. Mwanafunzi mmoja, msichana mwenye mwandiko mzuri sana, aliandika kwamba ni upepo, tofauti za joto na chumvi, na mwalimu wetu. Sikujua nimpe alama ngapi.

Hapo ndipo nilipopandwa na hasira. Nimesomea kitu hiki. Nimekula mikopo na maharage ya chuo kwa ajili yake, leo nageuzwa mswaga mawingu. Nikaapa kuyamaliza.

Siku ya mnada niliazima kwa mama ntilie chombo chake cha kioo cha kuwekea maandazi, nikakijaza maji ya vuguvugu. Nikanunua barafu nyekundu za kwenye nailoni, zile za watoto, nikazimenya na kuzitia upande mmoja. Wazee wakainama. Barafu ikaanza kuyeyuka, na maji yake mekundu yakashuka moja kwa moja mpaka chini, yakalala sakafuni mwa kioo, yakatambaa taratibu kwenda upande wa pili.

"Nani anayaswaga?" nikauliza.

Baba mkubwa alikizunguka chombo, akachungulia nyuma yake.

"Hakuna mtu," akasema baba mkubwa. "Kumbe yanajiendea."

"Yanajiendea. Ya baridi ni mazito, yanazama. Bahari nayo ni hivyo hivyo, tena inasaidiwa na upepo. Hakuna mwizi, na hakuna wa kumfuata."

"Na wewe hapo kazi yako nini?"

"Kuangalia tu, baba mkubwa."

"Haya. Basi hufuati kitu."

Wakaelewa wote. Katika ualimu wangu wote sijapata darasa lililoelewa mpaka mtu wa mwisho, isipokuwa lile. Nilirudi Kenyamonta nikipiga mluzi.

Jumamosi iliyofuata uwanja ulikuwa kimya. Mapipa yalikuwa makavu. Nilimwita mama, hakuitika. Nikamkuta kwenye njia ya kijitoni, amekaa chini katikati ya mteremko, kidumu kidogo cha mafuta ya kula kiko pembeni yake, nusu ya maji imemwagika. Mguu mmoja ameunyoosha kwa namna ambayo mguu haunyooshwi. Sijui alikuwa amekaa pale tangu saa ngapi. Nilipoinama kumshika alinusa kijasho cha mwalimu aliyetoka mbali, akanitambua kabla hajageuka.

"Umewafundisha vizuri," akasema.

Ningependa angenitukana, maana matusi yake nayajua. Nilimbeba mgongoni mpaka nyumbani, na alikuwa mwepesi mno, nikaumia moyo kuliko mgongo. Yule wa kupepeta naye ulezi alipita barabarani akaendelea na safari yake.

Nilimlaza mama, nikaenda kwa baba mkubwa na simu mkononi. Njiani niliitazama ramani. Bahari yetu ilikuwa bluu tupu.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, mura."

"Nimeona nyayo."

Aliacha kuchonga mpini wa jembe. "Si ulisema yanajiendea?"

"Yanajiendea. Lakini safari hii yamegeuza uso. Anahitajika mtu wa kuyafuata asije akayapoteza."

Msema kweli ni mpenzi wa Mungu, nalijua hilo, ila sijaona mahali palipoandikwa kwamba atachotewa maji mama yake. Baba mkubwa alinitazama, akatazama upande lilipo boma letu, akaita wake za wanawe kwa sauti ya kusikika mtaa mzima kwamba mwalimu amerudi kwenye nyayo.

Kabla jua halijazama walikuja na ndoo kichwani. Yule jirani alikuja na ungo wake. Nikasikia mama akimkosoa mtu kwa kumwaga maji mlangoni, na yule mtu akicheka. Bati la mama lingeweza kujaza mapipa yale kwa mvua moja tu na kesi ikafungwa, lakini bati halimuulizi mtu ameamkaje.

Kwa upande wa mashariki wingu lilikuwa limesimama, zito, la kijivu, la kwanza tangu msiba. Upepo ukageuka ukaanza kunukia udongo. Wanawake wakatazama juu kwa matumaini, na mahindi yao yalikuwa yanakufa. Mimi nilisimama kwenye kizingiti cha mama yangu, mtoto wa mkulima, nikaomba lipite.