Mawese Hayanuki Hivyo

Jumatano, tarehe 14, mwezi wa kumi na moja. Mvua ilianza kabla ya azana ya alfajiri, ikanyesha bila haraka mpaka saa nne, kisha jua likatoka na njia ikaanza kutoa mvuke kama sufuria iliyofunuliwa.

Naandika haya unga ukiwa bado kwenye kucha zangu. Sikusoma sana, nilifika mwaka wa sita wa primere nikaishia hapo, kwa hiyo ukiona neno halikukaa vizuri, rafiki, lisogeze wewe mwenyewe. Lakini jambo la leo nataka niliandike leo leo. Kesho nitaanza kulitilia shaka, najijua.

Jeep ya bwana yangu, baba wa watoto wangu, ni ya zamani. Ilipita mikono mingi kabla ya kufika kwetu, na inatubebea mpunga na mafuta ya mawese kutoka Lusangi. Tangu mvua zianze ilikuwa inanuka mafuta yanayoungua, hasa ikipanda mlima, na zaidi ikisimama baada ya kupanda. Leo tukaipeleka kwa fundi, hapa Kasongo, nyuma ya soko. Fundi hakufungua hata kapo ya mbele aangalie injini. Alizunguka nyuma, akaona madoa mekundu pale tunapopanga bidoni, madumu yetu ya mawese, akacheka.

"Mama, hiyo iko mawese yenu tu. Inadondoka kwa bomba ya moshi, inaungua. Mufunge bidoni muzuri, harufu itaisha."

Bwana yangu akatikisa kichwa kukubali. Ni mtu wa amani, na fundi ni fundi. Mimi mbele ya mafundi huwa naangalia chini. Sijui kilichonipata. Nilisikia mdomo wangu unasema: "Hapana. Mawese hayanuki hivyo."

Fundi akamgeukia bwana yangu, si mimi. "Papa, mama anajua motere?"

Motere, hiyo injini yenyewe, sijui. Sikuijua jana, na usiku huu bado siijui. Lakini harufu ile ninaijua tangu nikiwa na miaka tisa, na palepale nyuma ya soko, miguu ikiwa kwenye tope, nilirudi kijijini kwetu, njia ya Kabambare, kwa nyanya yangu aliyekuwa anapika mawese.

Ungepita kwetu siku ya kupika ungetujua kabla ya kutuona. Ngazi, zile chikichi za kutoa mafuta, zilichemka kwenye pipa tangu asubuhi, na mvuke wake ulikuwa mzito, mtamu, unashika hata kwenye nywele. Kisha vinu vikaanza, du, du, du, wanawake wawili wakipokezana mchi, na nyigu wakizunguka vichwa vyao kama wamealikwa. Nyanya alikamua, akachemsha tena, akaenguaengua povu mpaka mafuta mekundu yakabaki peke yake. Mikono yake ilikuwa na rangi ya manjano isiyotoka hata Jumapili kanisani. Kazi yangu mimi ilikuwa maji, kuni, na vifuniko. Vifuniko vya bidoni vilikuwa vimepotea siku nyingi, tulifunga kwa jani la ndizi. Jani lenyewe lazima ulipitishe kwanza kwenye moto, lilegee kama kitambaa. Jani bichi linapasuka.

Kabla bidoni haijaondoka nyumbani, nyanya aliipima. Aliipangusa ikauka kabisa, akaipaka unga wa muhogo kuanzia shingo mpaka chini, akaiacha kivulini. Unga ukibaki mweupe, bidoni ni nzima. Ukiona mahali pamekuwa pekundu, ufa uko hapo. Wanawake wote wa mawese walifanya hivyo. Nyanya alisema: "Mafuta hayana adabu, yanatoka bila kuaga. Unga ndio unayashitaki."

Na harufu ya mawese yakiungua, nani kwetu hakuijua? Yanaanza kunuka kama ndizi za kukaanga. Ukiyaacha yanakuwa makali, yanakutoa machozi, lakini bado yana chakula ndani yake. Unalia na njaa inakushika.

Jeep iliyobeba mafuta yetu kwenda Kasongo ilikuwa moja tu, inapita kila mkesha wa soko. Shofere wake alikuwa na kofia ya ngozi na ulimi mkali. Niseme haki yake: mgonjwa hakumwacha njiani hata siku moja, wala hakumuuliza atampa nini. Lakini siku ninayoisema alishuka na hasira. Wanawake wote tulikuwa tumepanga bidoni kando ya njia. Akaja moja kwa moja mbele ya nyanya.

"Mama muzee, leo bidoni zako zinabaki. Nimechoka kunusa."

"Kunusa nini, baba?"

"Mawese yako! Inavuja, inaungua chini ya jeep yangu. Safari ya tatu hii. Siku moja itawaka na watu ndani. Weye ndiye utakuja kulia kilio?"

Watu wakacheka. Mmoja akapaza sauti: "Anapika akiwa njiani, anangojea tu wali!" Jirani yetu, ambaye jana yake alikuwa ametwanga nasi, akasogeza bidoni zake mbali na zetu. Simlaumu. Labda ningesogeza na mimi.

Aliyekulia pale anaelewa ilikuwa na maana gani. Bidoni nne zile ni jasho la majuma mengi. Gari lingine hakuna. Baisikeli ingetaka kijana wa kuisukuma, na nyumbani kwetu hakubaki kijana. Zaidi ya hayo kulikuwa na jina. Mwanamke wa mawese anayevujisha, Kasongo hawamnunui tena, wanasema kama hajui kufunga, hajui kuosha.

Nyanya hakupaza sauti. Aliuliza kama mtu anayeuliza bei ya chumvi.

"Harufu unaisikia mbele ao nyuma?"

"Inanuka popote."

"Bidoni ziko nyuma. Pua yako iko mbele. Ukirudi kutoka Kasongo bila mafuta, hainuki?"

Shofere akavuta kofia. "Inanuka. Ni sababu ya mawese iliyobaki kwa bomba."

"Juma zima inaungua na haiishi? Basi hayo mawese uniuzie miye, niweke kwa taa!"

Sasa watu walicheka upande wetu. Nyanya akaelekea mbele ya jeep, akapiga kapo kwa kiganja. "Fungua. Tuipime kama tunavyopima bidoni." Akaniambia mimi: "Kimbia, leta unga."

"Unga kwa motere yangu?" shofere akasema. "Munataka kupika bugali humo?"

"Sikia, baba. Unga ukibaki mweupe kwa motere yako, nabeba bidoni zangu kwa kichwa, moja moja, mpaka Kasongo. Na kila kijiji nitasema: shofere alikuwa na haki. Lakini ukigeuka?"

Mbele ya watu wote wale shofere akachukua kitambaa na petroli, akapangusa motere mpaka chuma kikaonekana rangi yake. Nyanya akangoja kikauke. Akapuliza unga kutoka kiganjani, taratibu, kwenye kila mahali chuma kinapokutana na chuma kingine. Halafu akapaka bidoni zake nne, mbele ya macho yao, na zikapakiwa. Shofere akaondoka, apande mlima wa kando ya mto na kurudi.

Rafiki, tulingoja. Na hapa nina jambo ambalo sijamwambia mtu. Vifuniko nilifunga mimi. Asubuhi ile moto ulikuwa unakufa, nikaona uvivu kuuwasha tena, na bidoni ya nne nikaifunga kwa jani bichi. Nilisimama pale nikisikia jeep inalia mlimani, na nilijua. Ningeweza kusema. Sikusema.

Ilirudi. Ilipozima tu, harufu ikatoka mbele, na haikuwa na chakula hata kidogo. Ilikuwa kama mpira unaoungua na taa mbovu pamoja, inashika kooni haitoki. Shofere akainua kapo. Kwenye kile kifuniko cha juu cha motere, upande wa bomba la moshi, unga ulikuwa umegeuka. Mstari mweusi, mwembamba kama njia ya siafu, umetoka chini ya kifuniko na kushuka mpaka kwenye chuma cha moto. Pale ulipofika palikuwa panatoka moshi.

"Eeeh!" watu wakasema, na wote wakasongamana mbele. Yule wa wali akawa wa kwanza kuchungulia.

Nyuma hakukubaki mtu. Nyanya peke yake, na mimi. Alikagua bidoni. Ya kwanza nyeupe. Ya pili nyeupe. Ya tatu nyeupe. Ya nne ilikuwa na pete nyekundu shingoni, chini ya jani lililopasuka. Aliniangalia mara moja tu. Mkono wake ulikuwa karibu sana na ile pete, angeifuta kwa kidole kimoja na dunia nzima isingejua.

Aliikumbatia ile bidoni kwa mikono miwili, nzito vile, akaipeleka mbele, akaiweka miguuni kwa shofere.

"Nyekundu iko yangu," akasema. "Nyeusi iko yako. Kila mutu afunge yake."

Hakuna aliyecheka. Shofere alifungua kile kifuniko. Karatasi ngumu inayokaa kati ya vyuma viwili ilikuwa imekauka na kukatika, akakata nyingine kwa karatoni, akiigonga kwa nyundo pembezoni ipate umbo. Nyanya akanituma kuwasha moto na kuleta jani lililolegea. Tulimaliza pamoja, yeye kwake, sisi kwetu, na jioni mawese yetu yaliondoka. Kunipiga hakunipiga. Alisema tu: "Pua ya shofere imekosea, mikono yako imekosea. Ya kwako ndiyo niliyoilea." Ningependelea fimbo.

Pardon shofere hakuomba. Lakini kuanzia siku ile alipiga honi mara mbili mbele ya nyumba yetu, na chini ya kiti chake alikuwa na kafuko ka unga. Baadaye tukasikia kwamba Kasongo anajisifu, ati ni ufundi wake aliouvumbua. Nyanya alicheka mpaka akakaa chini. "Amwachie nani? Ugonjwa ulikuwa wake, na dawa iwe yake."

Jeep ile haiko tena. Nyanya hayuko. Watu wa kijiji chetu walikimbia vita mara nyingi kiasi kwamba wengine walichoka kurudi, na mingazi yake imemezwa na majani marefu. Pale tulipopanga bidoni hakuna anayesimama. Mawese yanaondoka kwa motopikipiki, bidoni mbili mbili, kila mtu mbio zake, na ukisingiziwa unasingiziwa peke yako, hakuna umati wa kukucheka wala wa kugeuka upande wako. Wanasema mambo yale yamekwisha. Mimi nakataa. Vinu vimenyamaza, sawa. Pipa limetoboka, sawa. Lakini alichokijua nyanya sikukipoteza njiani, na sitakubali mtu aniambie nilichonusa ni kingine kwa sababu sikuvaa nguo ya garaji.

Basi leo nilikuwa na unga kwenye kikapu, nimeununua kwa ajili ya jioni. Nikamwambia fundi afungue kapo. "Kama nimekosea, nitaosha motere hii kwa mikono yangu, na utanicheka mpaka Krismasi." Bwana yangu akasema polepole, "Mama watoto," kwa ile sauti ya kuniomba niache. Sikuacha. Fundi akafungua, akapangusa motere mpaka ikakauka. Nilipokuwa nanyunyiza niliwaza: je, kama harufu niliyoibeba miaka yote hii nimeichanganya? Utoto unachanganya vitu.

Fundi na bwana yangu waliwasha jeep, wakazunguka soko mara tatu, wakarudi. Unga ulikuwa mweupe mbele. Mweupe kando. Nikaanza kusikia aibu ikipanda miguuni. Kisha fundi mwenyewe akainama, akaingiza kichwa upande wa nyuma wa kifuniko, mahali pasipoonekana bila kutaka kuona, na akakaa humo muda mrefu.

Mstari ulikuwa humo, mweusi. Mpana kama kidole gumba, unashuka mpaka kwenye chuma cha moto.

Niandike na upande wake, maana haki ni haki. Madoa mekundu ya nyuma yalikuwepo, fundi hakuyaota. Bidoni yetu moja kweli inatoa jasho, nimeitenga. Na mtu aliyeona magari mengi yenye mawese ataona mawese kwanza, hata mimi ningeona. Alisimama, akapangusa mikono, akachukua ufunguo wa boliti. Safari hii hakumgeukia bwana yangu.

"Mama," akaniambia mimi, "tufungue hapa?"

"Hapo hapo, baba," nikamjibu.

Jioni tumekula sombe ya majani ya muhogo yenye mawese mengi na samaki mkavu wa Nyangwe. Bugali ilikuwa ndogo. Watoto walipouliza kwa nini, bwana yangu ndiye aliyewajibu, bila kuinua macho kutoka kwenye sahani: "Nyingine imekula motere. Mama yenu alikuwa na haki."